Nyota ya Mgonjwa wa Nne

"Wakwe wamerudisha hati ya nyota ya Thulasi, posa imevunjika," Divakaran aliniambia kwenye simu. Kabla sijauliza kwa nini, akaongeza, "Padmaja, ni kwa sababu ya makala yako."

Nilikuwa maktaba ya chuo, Thrissur, nimesimama katikati ya rafu na kitabu mkononi. Nilikaa chini palepale sakafuni. Mimi si mtu wa kuzimiazimia. Nimelelewa na fundi cherehani mwenye mabinti watano na mdomo mkali kama mkasi wake. Lakini siku ile nilikaa, kitabu mapajani.

"Makala yangu imefanya nini? Jina lake halimo. Kijiji nimekibadilisha. Hata umri wa babu yako nimeuongeza."

"Na nyota umeibadilisha?"

Nikakirudisha kitabu kwenye rafu.

"Basi njoo," akasema. "Mjomba anakutaka leo hii."

Njia nzima ndani ya basi la Ottapalam mvua ilinipiga kupitia dirisha lisilofungika, nami sikujisogeza. Nilikuwa najitukana. Wewe Padmaja, na kusoma kwako kote!

Ngoja nieleze, maana aibu nusu haina faida. Thulasi ni mdogo wake Divakaran, na Divakaran ndiye mwanamume niliyempenda miaka minne. Thulasi alipokuwa na miaka kumi na tisa, baba yao aligongwa na lori barabarani. Binti akaacha kusema. Hakulia wala hakupiga kelele, aliacha tu, siku arobaini. Babu yao, mganga wa ukoo aliyejulikana mpaka Palakkad kwa kutibu wenye maradhi ya akili, hakumpeleka hospitali ya mjini. Alitoa majani ya mvumo ya mababu zake, yaliyoandikwa Kisanskriti, akafuata yalivyosema. Alimmwagia mafuta utosini asubuhi kwa asubuhi, akamnywesha samli chungu ya miaka mingi, akakaa naye kando ya bwawa bila kumwuliza chochote. Siku ya arobaini na moja Thulasi akasema. Yote aliyosema babu aliyaandika kwenye daftari lake, daftari likaingia sandukuni, na mwaka uliofuata mzee akafariki.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimemaliza miaka saba nikitafuta ushahidi wa tasnifu yangu. Nilitaka kuonyesha kwamba yale waliyoyasema wazee wa Kisanskriti kuhusu huzuni na akili, yale wanayoyafanya waganga wa Ayurveda kwa mafuta na samli, na yale wanayoyapima wanasaikolojia wa leo kwa madodoso yao, yanajuana. Nilikuwa na wagonjwa watatu tu. Ushahidi wao ulikuwa mwembamba kama uji wa mgonjwa. Wa nne akawa Thulasi.

Nilifika katika nyumba ile kunakili majani. Mjomba Kunjikrishnan, aliyeshika uganga baada ya babu, alimwamuru mpwa wake anisaidie. Basi tukawa tunakaa mchana kutwa tukipaka majani masizi na mafuta ya mchaichai ili herufi zijitokeze, mimi nasoma, yeye anashika taa. Siku moja akanishika mkono anifute masizi. Akafuta kidole kimoja kimoja, polepole, na alipofika cha tano akachelewa kukiachia. Jamani! Nilirudi nyumbani sijui hata nimepanda basi gani.

Mama yake, Bhargavi, hakutaka hata kusikia. "Binti wa fundi cherehani," alisema, "aje kunishonea blauzi, si kunizalia wajukuu." Ni Thulasi peke yake aliyeniita wifi, kwa kunong'ona, akinipitishia chai, kisha anakimbia huku anacheka.

Alasiri moja Divakaran alinijia na daftari la babu chini ya shati.

"Soma upesi. Mjomba yuko kwa wagonjwa."

Nikasoma, nikanakili. "Thulasi anajua?"

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Nami sikuuliza tena. Nilikula na yule binti sahani moja mwaka mzima, sikuuliza, kwa sababu nilijua anaweza kukataa na sikuwa tayari kusikia hapana. Na majani yaleyale yanasema kwamba maradhi ya akili huanza pale mtu anapojua jambo si sawa, akalifanya. Nimeitafsiri sentensi hiyo kwa mkono wangu. Nilisifiwa kwa tafsiri ile.

Sasa, kwa nini niliiacha nyota kama ilivyo? Kwa sababu babu alichagua siku ya kuanza mafuta kwa kufuata nyota ya kuzaliwa ya mgonjwa, na hoja yangu yote ilisimama hapo. Nikaandika: msichana wa miaka kumi na tisa, nyota ya Ayilyam, robo ya tatu, mzaliwa wa mwezi wa Karkidakam. Mwulize mtu wa nchi nyingine, atakwambia hapo hapana kitu. Kwetu sisi, ambako hakuna posa bila hati za nyota kulinganishwa, ukiandika hivyo umetaja jina, ukoo na mlango wa nyumba. Ami yake mchumba wa Thulasi alikuwa mwalimu mstaafu wa Kisanskriti. Jarida lilipomfikia, hati ya nyota ya Thulasi ilikuwa mezani pake.

Divakaran alinisubiri getini, amelowa. Macho yake, yale ninayoyapenda hadi naona haya kuyasema, yalikuwa yanatazama viatu vyangu.

"Mjomba anauliza nani alifungua sanduku," akasema.

"Mwambie."

"Nitamwambia. Ila usinitangulie. Niachie nilitamke mwenyewe."

"Sawa."

"Unanipenda, Padmaja?"

"Swali gani hilo? Nisingekupenda ningekuwa nimemaliza udaktari wangu zamani. Wewe na masizi yako mmenichelewesha miaka miwili."

Siku nyingine angecheka. Alinigusa kiganja kwa ncha za vidole, akatangulia.

Mjomba Kunjikrishnan alikuwa ameketi barazani, kifua wazi, mafuta ya asubuhi bado yanang'aa mabegani. Mama Bhargavi alisimama mlangoni, simu mkononi. Divakaran akaenda kuegemea nguzo.

"Kaa," mjomba akaniambia.

Nikakaa. Katika nyumba ile hata muuza mboga hupewa chai. Mimi siku hiyo sikuulizwa kama nina kiu.

Mama Bhargavi akanisogelea, akaninyoshea simu. Ukurasa wa makala yangu ulikuwa umepigwa picha, na mtu amechora duara jekundu.

"Wewe ndiye msomi," akasema. "Nisomee hapo. Macho yangu mabovu."

"Mama, nakuomba..."

"Mimi si mama yako. Soma."

Nilijua ni mstari gani kabla sijautazama. Mgonjwa alimkiria mganga kwamba neno la mwisho alilomwambia baba yake, walipogombana juu ya kwenda kusoma Chennai, lilikuwa hili: Ufe basi, tupumzike. Nusu saa baadaye baba akagongwa.

"Siwezi," nikasema.

"Kuandika uliweza."

"Bhargavi," mjomba akamtuliza.

"Niache, kaka! Miaka mitano nalala kitanda kimoja na mwanangu. Namsuka, namsugua mafuta, namwuliza, mama, nini kinakuuma? Ananiambia hakuna. Leo nimeyajua kwenye simu! Wifi yangu wa Palakkad kanitumia, na chini kaweka vile vimikono vya kuniombea." Akapangusa uso kwa pindo la sari. "Alimwambia baba yake afe. Mtoto wangu. Na ninyi mkalipiga chapa."

Nilikuwa nimekuja na maneno mazuri kuhusu maadili ya utafiti, nikayaacha. Njia nzima nilidhani kosa ni nyota na mchumba aliyepotea. Kumbe nilikuwa nimemnyang'anya binti mama yake.

Mjomba akaweka mikono magotini. Yeye hapandishi sauti, na heri angepandisha.

"Mchumba atapatikana mwingine, au hatapatikana. Hayo ni ya nyota. Langu mimi ni moja. Baba yangu alitibu wendawazimu wa watu miaka hamsini. Wakubwa wamelia hapa ulipokaa wewe, na neno halikuvuka lile geti. Ufunguo wa sanduku unakaa kiunoni mwangu. Nikienda kuoga unakaa kwenye msumari. Nani alilifungua?"

Nikamtazama Divakaran. Alikuwa anabandua rangi ya nguzo kwa ukucha.

Mvua ikaendelea kunyesha.

"Yeyote aliyefungua," mjomba akaendelea, "hatashika kinu cha nyumba hii tena. Hatatibu mtu kwa jina letu, awe mgeni au awe damu yangu. Nimeapa asubuhi mbele ya taa ya baba."

Divakaran alikuwa ametwanga dawa katika kinu kile tangu ana miaka kumi na saba. Hakujua kazi nyingine, wala hakutaka nyingine. Nilijua vizuri anachoombwa kukitoa. Lakini nilimwambia kwa macho: sema. Sema mpenzi wangu, tuangamie wawili. Fundi cherehani ana chumba cha nyuma, tutalala humo, tutakula wali na chumvi, nitakuheshimu mpaka siku maiti yangu inachomwa. Sema tu.

Hapo ndipo aliponitazama. Miaka minne nimeyasoma macho yale kuliko nilivyosoma jani lolote, na nilielewa mara moja. Yalikuwa yananiomba.

"Si huyu alikuwa anashinda peke yake chumba cha majani?" Mama Bhargavi akasema. "Nani mwingine? Mwizi hana alama usoni."

"Nimewauliza wote wawili, Divakaran na msichana," mjomba akajibu. "Sijasikia sauti."

Mlango wa ndani ukafunguka, Thulasi akatoka. Nywele zimechanwa vizuri, nguo safi, macho makavu. Kila mtu barazani aliinuka kidogo, kama mtu anayetaka kudaka gilasi.

"Kaeni," akasema. "Sianzi tena yale ya kunyamaza. Tangu asubuhi mmenificha visu vya jikoni. Nimetaka kumenya ndizi, sioni kisu hata kimoja. Ndizi nimenye kwa meno?"

"Mwanangu, nenda kapumzike," mama yake akasema, akitazama sakafu.

"Mama, niangalie."

Mama Bhargavi hakumwangalia. Alijaribu, nilimwona akijaribu, uso ukafika nusu ya njia ukarudi.

Thulasi akaitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia. "Dada Padmaja."

Dada. Si wifi. Loo, neno la heshima linavyoweza kumchinja mtu!

"Yale nilimwambia babu," akasema. "Bwawani, sisi wawili, kuku hata mmoja hakuwapo. Wewe uliyapata wapi?"

"Kwenye daftari lake."

"Nani alikupa?"

Nikamtazama Divakaran kwa mara ya mwisho. Nilimpa muda. Nilimpa muda ambao mtu angeweza kuvaa viatu, akafunga kamba, akasimama. Hakuinua kichwa.

"Sikupewa," nikasema. "Niliiba. Mjomba alikuwa bafuni, nikachukua ufunguo msumarini."

Nikamsikia Divakaran akishusha pumzi. Pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Nimekulia kwenye kelele za cherehani tano, nimezoea vishindo vya kila namna, lakini haijapata kutokea sauti ikaniumiza kama ile. Ningemsamehe kunyamaza. Ile pumzi sikuweza.

"Nilisema mimi," Mama Bhargavi akasema. "Nilisema toka mwanzo, mkaniona mchawi."

"Mama, imetosha," Divakaran akasema kwa sauti ndogo. Hayo ndiyo maneno yake yote siku ile, na hayakunisaidia kitu.

Mjomba alinitazama, akamtazama mpwa wake, akanitazama tena. Sijui kama aliamini. Waganga hawadanganyiki upesi. Lakini kiapo kilikuwa kiapo, na mtu alikuwa amepatikana ambaye si wa damu yake.

"Toka," akasema. "Usirudi katika nyumba hii, hata kwenye msiba."

Nikashuka ngazi. Mwavuli wangu niliuacha barazani, sikuwa na uso wa kuurudia. Nilitembea hadi getini nikisikiliza nyuma yangu kama kuna hatua. Mjinga mimi, moyo bado ulikuwa unangoja. Na kweli hatua zikaja, mbio mbio kwenye madimbwi.

Alikuwa Thulasi. Ameniletea mwavuli.

"Hukuiba," akasema, akihema.

"Niliiba, Thulasi."

"Usinifanye mtoto. Mwaka juzi nilimwona kaka akitoa ufunguo msumarini. Nilidhani anatafuta dawa ya mtu."

"Basi mbona hukusema pale?"

"La kaka ni la kaka. Akitaka atalisema." Akanishikisha mwavuli mkononi. "Mimi ya mtu siyatoi."

Ningetamani anizabe kofi. Kofi lingekuwa na mwisho.

"Nitaiondoa ile makala," nikasema. "Na tasnifu nzima. Kesho nampigia profesa."

"Uiondoe wapi? Kwenye simu ya shangazi?"

"Thulasi, nisamehe."

"Babu aliniambia, 'Hili neno limekwisha, mjukuu wangu. Tumelizika mimi na wewe, na mimi naondoka nalo.' Nikapona. Nilikuwa nimepona kweli, sikuwa naigiza. Nilikuwa nacheka, nilikuwa nataka kuolewa." Akageuka kuitazama baraza. Mama yake alikuwa ameingia ndani. Divakaran alikuwa bado kwenye nguzo ileile, mkono umeinuliwa nusu, sijui ananiaga au anakinga mvua. "Sasa atanisuka vipi nywele, bila kuniangalia?"

Nililia pale. Sikulia kwa ajili ya Divakaran, huyo nilimlilia baadaye, kwa miezi. Nilimlilia yule binti ambaye mwenyewe hakulia.

"Uliketi nami mwaka mzima," akasema. "Nakuletea chai, nakuita wifi. Siku yoyote ungeniuliza. 'Thulasi, niandike?' Maneno mawili tu."

"Niliogopa utakataa."

"Ningekubali."

Nikamtazama.

"Ningekubali," akarudia. "Nilikuwa nataka watu wajue kazi ya babu. Ningekwambia tu, ile nyota itoe. Na lile neno la baba."

Akakomea geti, akarudi ndani bila kukimbia.